Jibini Lililongoja Barabara

Tulitoka Goma tukiwa watano ndani ya gari la viazi,
gari tupu, maana viazi hushuka, havipandi.
Nilipakata sufuria yenye mpini mmoja
na aibu ya mpishi wa Birere
anayeivisha maharagwe kwa magadi na haraka.

Sake tukasimama. Bauma, dereva, alisema: gurudumu.
Halikuwa gurudumu, ilikuwa njaa yake.
Mama mmoja alikaanga sambaza
juu ya mafiga ya jiwe jeusi,
jiwe lile lile lililoshuka mlimani likiwa uji wa moto
likala mtaa wa shangazi yangu,
na leo limebeba sufuria, limetulia kama mtoto aliyetubu.
Tulikula kwa vidole, vichwa na vyote.
Pilipili ikatufungua pua.

Baada ya Sake barabara inasimama wima.
Kona, mikaratusi, kona, tope la rangi ya kahawa,
chukudu zikishuka na magunia,
vijana wamezipigia goti moja,
breki ni kipande cha kandambili.
Masikio yangu yakaziba.
Kisha ng'ombe, kwanza mmoja mmoja,
halafu kilima kizima kinacheua.

Kanyere hakuniuliza nimetoka wapi.
Aliuliza nimekula nini njiani, na kwa nani,
tena kwa mpangilio.
Huko juu hiyo ndiyo ramani.

Maharagwe aliyateleka jogoo akiwika.
Nikauliza: yataiva saa ngapi?
Akasema: watoto wakirudi kutoka shule.
Na kama leo hakuna shule?
Akacheka mpaka kifuniko kikacheka naye.

Kitunguu kimoja. Mawese kidogo, yametoka mbali, bondeni.
Viazi vilivyochimbwa asubuhi ile, bado vina udongo masikioni.
Chumvi mwisho.
Nilitafuta kingine, nikainama hata nyuma ya kuni.
Hakikuwapo.

Nyuma ya jiko kuna chumba cha mbao, baridi kama kisima.
Humo magurudumu ya jibini,
fromaji, kama tunavyoiita mjini,
yamelala ubaoni, na kila jioni anayageuza,
upande huu, upande ule,
kama mtu anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda.

Wanasema subira huvuta heri.
Kanyere anasema kwanza huvuta ukungu,
ule wa dirishani na ule wa kwenye ganda,
na yote miwili yeye huifuta kwa kitambaa kimoja.

Pembeni kulikuwa na moja la kahawia, limepasuka mdomoni.
"Hili lilikuwa lishuke Goma
wiki ile barabara ilipofungwa.
Mume wangu alikuwa huko chini.
Niliendelea kuligeuza. Simu haikulia, nikaligeuza.
Miezi minne, kisha sikuhesabu tena."

Akakata.
Maziwa yalikuwa yamekwisha kusahauliwa humo ndani.
Kulikuwa na karanga, na moshi,
na kamba ya ng'ombe iliyonyeshewa.
Sijawahi kula kitu kikanitazama namna ile.

"Wenye hoteli wananiomba nitengeneze jingine kama hili.
Nawaambia sijui kuifunga barabara,
na sitaki kujifunza."

Sikuuliza kama mume alipanda.
Niliona tu vijiko:
alipanga kimoja zaidi ya vinywa.

Tulishuka kesho yake juu ya magunia,
mabega yananuka udongo,
kipande cha jibini ndani ya sufuria yangu
kimefungwa jani la mgomba, kinapumua.
Kwenye kizuizi askari alifunua, akanusa,
akafunika taratibu, akasema: pita.

Sasa nawasha makala kabla ya adhana.
Wateja wa Birere wananung'unika, wanagonga meza,
bado? bado?
Nawaambia watoto hawajarudi kutoka shule.
Mmoja huondoka akisonya.
Mwingine huvuta kiti, akauliza:
watoto wa nani?